Sunfyre bado yupo: nadharia zipi za House of the Dragon zina mashiko na zipi ni stori tu

SWALI: Shikamoo kaka. House of the Dragon nimeiangalia mpaka mwisho wa msimu wa pili, tena nikarudia, ila kitabu sijasoma. Mimi na wenzangu tunabishana kila tukikutana. Kuna anayesema Rhaenyra lazima ashinde maana Daenerys wa Game of Thrones ni uzao wake. Kuna anayesema Daemon hafi. Mwingine anasema Helaena ni kama Bran, yule mwonaji wa Game of Thrones, atabadilisha historia yote. Na wengi wanasema Aegon habari yake imeisha, kakimbia na joka lake limekufa. Ipi kati ya hizi ina ukweli? Na nisome kitabu kwanza au nisubiri? Spoila nimeziruhusu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwa vile spoila umeziruhusu mwenyewe basi nazimwaga zote, na kama kuna mwingine anasoma hapa na hataki kujua nani anakufa na anakufaje, aishie hapa hapa. Na kwa asiyeijua, sirizi hii ni vita vya ukoo wa Targaryen kugombania Kiti cha Chuma: Rhaenyra na mumewe Daemon (Weusi) dhidi ya Aegon, mdogo wake wa baba mmoja, mwana wa Alicent, pamoja na ndugu zake Aemond, Helaena na Daeron (Kijani).

Nianze na huyo Aegon, kwasababu nadharia ya kwamba habari yake imeisha ndiyo rahisi kuliko zote kuivunja, na ukishaona inavyovunjika utakuwa umepata namna ya kuzipima hizo nyingine.

Rudi kwenye Game of Thrones, msimu wa tatu, episodi ya nne, mwaka 2013. Joffrey anamtembeza Margaery ndani ya Sept ya Baelor, anamsimulia waliozikwa mle walikufaje, yaani vifo ndio vinamfurahisha, na katikati ya hizo stori anamtaja Rhaenyra Targaryen. Anasema aliuawa na ndugu yake, au tuseme joka la ndugu yake, lilimla huku mwanawe anaangalia. Ni maneno ya sekunde chache tu na wengi yaliwapita, maana mwaka 2013 nani alikuwa anamjua Rhaenyra? Lakini yapo kwenye skrini, yameshatamkwa, na House of the Dragon ni ulimwengu ule ule wa sirizi ile ile, kwahiyo kuyafuta ni kazi kubwa sana.

Sasa yachambue. Rhaenyra anakufa, hilo moja. Anayemuua ni Aegon, maana yake Aegon siku hiyo yuko hai na ana nguvu ya kuamrisha. Silaha ni joka la Aegon, na Aegon ana joka moja tu, Sunfyre. Na kuna mtoto wa Rhaenyra aliyesimama pale akaona yote. Kwahiyo watu wakikwambia Sunfyre alikufa kwenye vita vya Rook's Rest pale Aemond alipomwachia joka lake Vhagar ateme moto bila kujali kaka yake yuko katikati, waulize tu, mzoga umeuona? Ndani ya sirizi tunasikia watu wanamzungumzia Sunfyre kama aliyekwisha, lakini kuambiwa na kuonyeshwa ni vitu viwili tofauti, na kwenye hii sirizi kitu usichoonyeshwa kitilie shaka kila siku. Kitabuni Sunfyre anabaki Rook's Rest kajeruhiwa vibaya, baadaye anatoweka, watu wanadhani amekufa, kumbe kajikokota mpaka kisiwa cha Dragonstone, na Aegon naye aliyetoroshwa na mshauri wake Larys anafika huko huko kwa kujificha, wanakutana tena wote wawili viwete. Hiyo ndiyo silaha inayommaliza Rhaenyra.

Na kama hiyo haitoshi, kumbuka episodi ya mwisho ya msimu wa pili, Aemond anambana dada yake Helaena aende vitani na joka lake Dreamfyre, Helaena anakataa, halafu anamwambia kwa utulivu kabisa kwamba Aegon atakuwa mfalme tena, atakaa kwenye kiti cha mbao. Kiti cha mbao! Aliyesoma kitabu pale alishtuka, maana Aegon anaporudi King's Landing, mji mkuu, miguu yake imeharibika kiasi kwamba hawezi kupanda ngazi za Kiti cha Chuma, anawekewa kiti cha mbao chenye mto pale chini. Waandishi hawakulitia neno hilo mdomoni mwa Helaena kwa bahati mbaya. Aegon anarudi, hiyo kesi imefungwa.

Umeona nilichofanya hapo? Sikubashiri kitu. Nimechukua kilichokwisha kutamkwa kwenye skrini, nikaenda kitabuni kuona kama kinashikana, vikashikana. Na hapa ndipo ninapogombana na mashabiki wengi, kwasababu wanazichukulia nadharia za sirizi hii kama zile za Game of Thrones, na mazingira si yale yale kabisa. Game of Thrones iliwahi kuvipita vitabu, hakuna aliyejua mwisho nje ya watu wachache, watu walikuwa wanachimba dalili. Nadharia ya kwamba Jon Snow ni mtoto wa Lyanna Stark na Rhaegar mashabiki waliijenga kutoka kwenye kitabu cha kwanza cha mwaka 1996, ikaja kuthibitishwa kwenye sirizi Juni 2016, miaka ishirini! Hiyo ilikuwa raha yake. Hii ya sasa mwisho wake umechapishwa tangu Novemba 2018 kwenye Fire & Blood ya George R.R. Martin, unauzwa dukani, kila mtu anaweza kuusoma.

Basi nadharia za nini tena? Hapa ndio utamu ulipo. Fire & Blood si riwaya ya kawaida, imeandikwa kama kitabu cha historia, na huyo mwanahistoria hakuwepo, anategemea mashahidi ambao hawaelewani. Kuna Septon Eustace, mtu wa dini, moyo wake uko kwa Kijani. Kuna Munkun, msomi, aliyeandika kwa kutegemea maelezo ya Orwyle, msomi mkuu wa ikulu, ambaye naye alikuwa na sababu zake za kujisafisha. Na kuna Mushroom, mchekeshaji wa ikulu, mbilikimo, ambaye kila tukio analitia uchafu wa chumbani. Wote watatu wanakubaliana nani alikufa na wapi. Wanachogombania ni kwanini, na nani alimwambia nani nini mlango ukiwa umefungwa. Ryan Condal anayeiongoza sirizi amekuwa akieleza miaka yote kwamba wao wanaonyesha kilichotokea kweli nyuma ya hayo maandishi. Kwahiyo nadharia nzuri ni ile inayoingia kwenye ufa, pale mashahidi walipogombana au walipokosa kuona. Nadharia inayotaka kubadilisha mahali wote walipokubaliana, hiyo mi huwa naipita tu.

Mfano mzuri ni Laenor Velaryon, mume wa kwanza wa Rhaenyra. Kitabuni anachomwa kisu na Qarl Correy kwenye gulio la Spicetown, watu wanaona. Kwenye sirizi, msimu wa kwanza episodi ya saba, tunaona mwili umeungua motoni hautambuliki, wazazi wanalia, halafu dakika ya mwisho Laenor yuko kwenye mashua kanyoa kichwa anaondoka na huyo huyo Qarl. Wamebadilisha kifo kizima! Lakini angalia matokeo: Rhaenyra yuko huru, anaolewa na Daemon, dunia inaamini Laenor amekufa. Kitu kile kile. Njia imebadilika, kituo hakijabadilika, na ndivyo sirizi hii inavyofanya kazi tangu siku ya kwanza.

Haya, twende kwa huyo anayesema Rhaenyra atashinda kwasababu ya Daenerys. Nusu yake ni kweli. Daenerys anatoka kwenye damu ya Rhaenyra, kupitia mtoto wake mdogo kabisa, Viserys. Lakini damu kubaki na wewe kushinda ni mambo mawili. Rhaenyra anaingia King's Landing, anakaa kwenye kiti, anakaa miezi tu, mji unamgeuka, anakimbia, anakufa kama Joffrey alivyosema. Aegon anarudi na ushindi ambao hauna hata mtu wa kuufurahia, analishwa sumu na watu wa upande wake mwenyewe, kisha wanamtawaza mtoto wa Rhaenyra na Daemon, Aegon wa Tatu, yule yule aliyesimama akaona mama yake analiwa, wanamwozesha Jaehaera binti wa Aegon wa Pili ili vita viishe. Hakuna aliyeshinda hapo. Kwahiyo mimi kama ningekuwa nawe kwenye ubishi wenu ningewaambia wenzako waache kumtazama Rhaenyra wawatazame wanawe wawili wadogo, Aegon na Viserys, ambao Rhaenyra alimkabidhi Rhaena, binti wa Daemon, msimu wa pili wapelekwe Pentos, watu wanawaona kama mapambo ya skrini, kumbe mfalme yuko pale, na babu wa babu zake Daenerys yuko pale, kabebwa.

Daemon sasa. Hii ni nadharia ninayoiheshimu kuliko zote ulizozitaja, kwasababu imekaa ndani ya ufa haswa.

Kitabuni Daemon anakwenda kwenye ngome ya Harrenhal peke yake, anamtumia Aemond changamoto aje, na anamsubiri siku 13, kila siku inayopita anachanja alama moja kwenye mti wa miungu. Aemond anakuja na Vhagar, ana Alys Rivers, yule mwanamke mwonaji wa Harrenhal, pamoja naye. Wanapaa, wanapigana juu ya ziwa God's Eye jua likizama, Caraxes, joka la Daemon, anainasa shingo ya Vhagar kwa meno, na majoka yote mawili yakiwa yanaporomoka Daemon, ambaye minyororo ya tandiko lake hakuifunga tangu mwanzo, anaruka kutoka joka moja kwenda jingine, anamchoma Aemond kwa upanga Dark Sister kwenye lile jicho la kipofu. Wote wanaingia ziwani. Miaka baadaye mifupa ya Vhagar inapatikana, na ya Aemond ikiwa bado imefungwa kwenye tandiko na upanga umekaa kwenye tundu la jicho. Ya Daemon haikupatikana. Mwanahistoria anasema maji yalimchukua au samaki walimla, waimbaji wao wanaimba kwamba aliponea akaenda kuishi na Nettles, msichana wa kitabuni aliyelifuga joka la porini.

Kwahiyo mtu akisema Daemon hafi, ana pa kushika. Mwili haupo. Na sirizi imeshamficha Laenor mara moja kwahiyo si dhambi kwao. Halafu kuna kitu ambacho wengi hawakukisikiliza vizuri: Helaena anapomtabiria Aemond kifo chake anamwambia atamezwa na God's Eye na hataonekana tena. Kutoonekana tena kitabuni ni habari ya Daemon, ya Aemond mifupa ilionekana! Kuna watu wamejenga juu ya hilo kwamba sirizi itawabadilishia hatima, Aemond ndiye atapotea na Daemon ndiye atapatikana. Mimi nadhani hapo wanalivuta neno mbali sana, mtu akisema hutaonekana tena anaweza kumaanisha hutaonekana ukiwa hai, basi. Lakini nakubali ni neno la kuliweka akilini.

Kinachonifanya nisiamini kwamba Daemon ataponea ni Harrenhal yenyewe. Msimu wa pili karibu wote wamemweka pale, watu wamelalamika eti kazubaa, anaota ota tu, mimi naona ule ndio uti wa mgongo wa hadithi yake. Alys Rivers anamwambia mapema kabisa kwamba atafia mahali hapa. Mwishoni anashika mti, anaona wafu wanaotembea, anaona yule mwenye kunguru, anaona Daenerys na majoka yake, na Helaena anatokea ndani ya maono anamwambia kwamba yote haya ni hadithi moja na yeye ni sehemu tu ya hiyo hadithi, na sehemu yake anaijua. Baada ya hapo anapiga goti mbele ya Rhaenyra, Daemon ambaye maisha yake yote alitaka kiti kile! Ukimpa mtu njia ya namna hiyo halafu mwishoni ukamtoa majini akaenda kuvua samaki mahali na jina jipya, umeiharibu. Atakufa, na atakufa kwa kuchagua. Ninachotarajia ni kwamba sirizi itatunyima mwili wake na sisi tutaendelea kubishana, na hapo watakuwa wamekiheshimu kitabu vizuri tu.

Helaena. Huyu ndiye anayeniumiza roho, na Phia Saban anamcheza kwa upole ambao unafanya kila neno lake lisikike kama bahati mbaya. Kumlinganisha na Bran naelewa kunatoka wapi, ila angalia alichofanya mpaka sasa. Msimu wa kwanza anasema atabidi afumbe jicho moja, Aemond anapoteza jicho. Anasema kuna mnyama chini ya mbao, na siku ya kutawazwa Aegon, Rhaenys anapasua sakafu na joka lake Meleys. Anaona, anasema, hakuna anayemsikiliza, inatokea. Hata mara moja hajazuia kitu. Hata panya, alisema anawaogopa, na wauaji, mmoja wao mkamata panya, wakaja wakamchukua Jaehaerys mwanawe mbele ya macho yake. Kwahiyo nadharia ya kwamba atabadilisha historia haina dalili hata moja nyuma yake, dalili zote zinaelekea kinyume.

Ila kuna swali gumu juu yake ambalo watu wako wangelibishania hilo ingekuwa vizuri zaidi. Kitabuni Helaena ana mtoto wa tatu, Maelor, mdogo kabisa. Wauaji wanamlazimisha achague mmoja kati ya wanawe wawili, anamchagua Maelor afe, wao wanamuua Jaehaerys, na tangu siku hiyo hawezi tena kumtazama Maelor usoni. Baadaye Maelor anakufa kifo kibaya sana mikononi mwa watu huko Bitterbridge, na Helaena anajirusha dirishani. Kifo chake kinauwasha mji, na mji huo ulioghadhibika ndio unaokwenda kuvamia Dragonpit, jengo la kufugia majoka, na kuyaua. Yaani kifo cha mtu mmoja mpole ndiyo kiberiti. Sirizi imemwondoa Maelor kabisa, na Martin mwenyewe hakulifurahia, Septemba 2024 aliandika kwenye tovuti yake kulalamika juu ya hilo, akieleza kwamba bila Maelor kifo cha Helaena kinakosa sababu, na maandishi yale yakaondolewa muda mfupi baadaye.

Martin ana haki yake, mtoto ukimtoa umetoa nguzo. Lakini mimi naona sirizi imeshaweka nguzo nyingine, na hii ni nadharia yangu mwenyewe ichukue kama hivyo. Alicent alikwenda Dragonstone kwa siri kumpa Rhaenyra mji, na sababu yake kubwa ni kumtoa Helaena na mjukuu wake Jaehaera kwenye balaa. Rhaenyra akamdai Aegon, mtoto kwa mtoto, na Alicent akakubali. Sasa Aegon keshatoroka, Alicent hana cha kulipa. Rhaenyra akiingia King's Landing akakuta ameahidiwa kichwa ambacho hakipo, waliobaki mikononi mwake ni nani? Helaena na Jaehaera. Mapatano yaliyofanywa kumwokoa Helaena ndiyo yatamfunga. Na yeye anaona mbele, atajua kabla ya wote kwamba mama yake amemtoa kaka yake mmoja kafara na haikusaidia kitu. Hiyo kwangu ni sababu tosha ya mtu kujirusha, na inatoka kwenye kosa la Alicent aliyempenda, si kwa adui. Wakiifanya hivyo itauma kuliko kitabu.

Na kwa sababu hiyo hiyo achana na nadharia ya Rhaenyra na Alicent kukimbia pamoja wakaishi mbali. Ile sura ya Alicent anaangalia bahari mwishoni mwa msimu wa pili ni ya mtu anayetamani, haina mpango ndani yake.

Nyingine nitazipita haraka. Rhaena kuchukua nafasi ya Nettles, hiyo mi naihesabu imeshatokea, ameshamfukuzia lile joka la porini bondeni Vale mpaka wakatazamana. Kinachobaki ni swali la kitu gani kitamtenganisha Daemon na Rhaenyra, maana kitabuni ilikuwa wivu na shaka juu ya Daemon na Nettles, na Rhaena ni binti yake wa kumzaa kwahiyo njia hiyo haipo, nahisi watatumia usaliti wa Hugh na Ulf, wale watu wa kawaida waliopewa majoka, Rhaenyra aanze kumshuku kila aliyepewa joka. Laenor kurudi, sidhani, joka lake Seasmoke kumpokea Addam kama mpandaji mpya kwangu ni tangazo la msiba tayari. Daeron, yule mdogo wao wa Oldtown, huyo hamjamzungumzia kabisa na mtajuta, yeye na joka lake Tessarion wana kazi kubwa mbele.

Kuhusu kitabu: kisome, lakini si chote kwa sasa. Nusu ya kwanza ni Aegon Mshindi na wafalme waliomfuata mpaka Jaehaerys, tamu sana ila inaweza kusubiri. Anzia kwenye sura za vita vyenyewe, zile zinazoanza na kifo cha Viserys na Weusi na Kijani kugawana. HBO ilipanga msimu wa tatu mwaka 2026 na wa nne kuwa wa mwisho, na Condal alishasema vita vya majini vya Gullet vinakuja mapema msimu wa tatu. Ukifika kwenye hivyo vita kitabuni soma taratibu, halafu mwangalie tena Jacaerys, mwana mkubwa wa Rhaenyra, msimu wa pili pale anapogombana na mama yake kuhusu kuwapa majoka watu wasio na jina. Utanielewa kwanini sikumtaja mpaka hapa.